Yai la Mwezi, Yai la Siku Moja

Julai iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu saa mbili usiku, na hadi alfajiri haukuwa umerudi. Anayeijua Nyeri anaujua usiku wa Julai. Ni msimu ambao Wagikuyu huuita gathano: ukungu hulala juu ya paa, majani ya kahawa hudondosha maji bila mvua kunyesha, na watu huenda kazini wamevaa jaketi mbili. Lakini baridi iliyokuwa ikinihangaisha haikuwa yangu. Sebuleni nina tangi la kioo la lita 120, na ndani yake wamo samaki wanane wa njano ambao asili yao ni Ziwa Nyasa, wanaotaka maji ya digrii 25 hivi. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kilisoma 24 saa tatu, 22 saa sita, na saa kumi kilikuwa 20. Nililizungushia tangi blanketi mbili na leso, nikachemsha maji kwa gesi, nikayatia kwenye chupa za soda na kuziacha zielee humo kama maboya. Jike mmoja alikuwa na mayai kinywani.

Ukikesha ukibadilisha chupa za maji moto, mawazo hutembea. Niliwawaza waliokesha kabla yangu kwa ajili ya mayai ya samaki katika milima hii. Ni wengi kuliko mtu anavyodhani, na habari zao zinarudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Wote walipambana na swali moja: maji haya yana joto gani, na ni samaki yupi atakayekubali kuzaa humo?

Mwanzo wake ni mwaka 1905. Mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, ambaye jina lake lilikuwa limevuma kwao kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland. Mayai hayo yalivuka bahari hadi pwani yetu, yakapanda bara, na kizazi chake kikaachiliwa katika mto Gura, unaoporomoka kutoka Nyandarua na kupita kusini mwa mji wa Nyeri. Gura ni mto wa haraka kiasi kwamba wenyeji hupenda kudai hakuna wa kuushinda Afrika nzima. Maji yake ni baridi, meupe, na yana kokoto chini. Trauti haombi zaidi ya hapo. Jike huchimba shimo kwenye kokoto kwa kupiga mkia, hutaga, hufunika, kisha huenda zake.

Mtu anaweza kushangaa yai la samaki linawezaje kuhimili safari ya wiki nyingi. Siri iko kwenye umri wa yai. Likiwa changa, mtikisiko mdogo tu huliua. Lakini likishafika hatua ya macho kuonekana, yaani vitone viwili vyeusi ndani ya ganda linalong'aa, huwa gumu ajabu. Ukiliweka kwenye kuvumwani yenye unyevu, ukalipoza kwa barafu, linaendelea kukua polepole kama mtu aliyesinzia. Waingereza walikuwa wamejifunza mbinu hiyo kwa gharama kubwa katika safari za kupeleka mayai ya samoni na trauti Tasmania, zilizoshindwa mara kadhaa mpaka meli iitwayo Norfolk ilipofika salama mwaka 1864, mayai yakiwa yamelazwa kwenye majani ya aina hiyo katikati ya barafu. Kutoka huko trauti alifika New Zealand, na kidogo kidogo akafuata bendera ya Uingereza kila mahali palipokuwa na mlima na walowezi wenye kuona upweke.

Wapenda ndoano humkumbuka Grogan kwa samaki wake. Sisi wengine tuna kumbukumbu nyingine pia. Machi 1907, miaka miwili baada ya mayai yale, aliwachapa viboko hadharani Wagikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksho, mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi. Wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalitoka kwenye mkono mmoja, na kwa sababu yanaeleza trauti alikuja kwa ajili ya nani.

Maana Mgikuyu wa enzi hizo hakuwa na haja na samaki. Alikuwa na mbuzi, maharagwe, viazi vikuu, ndizi na mahindi. Samaki kwa wazee wengi alikuwa jamaa wa nyoka, kiumbe kitelezi kisichofaa kuwekwa chunguni. Kwa hiyo mito ikajaa samaki ambao watu wa kando yake hawakuwala, na ambao mwenye kutaka kuwavua kwa mujibu wa serikali ilimpasa awe na leseni na ndoano ya manyoya. Mwaka 1910 akaongezwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, mwenye mkanda wa waridi ubavuni. Huyu ana subira zaidi: huvumilia maji yenye joto kidogo na hukubali kulishwa kwa mkono. Ndiye aliyekuja kuwa samaki wa vituo na mashamba, yule wa kahawia akabaki kuwa wa mtoni.

Kazi ya kumwaga samaki mtoni na kuwaombea heri iliendelea miaka mingi. Serikali ya kikoloni ilipoamua kuwazalisha kwa utaratibu ilijenga vituo viwili, na tarehe yake inapendeza kwa mtu anayependa ulinganifu: vyote viwili vilianzishwa 1948, na vyote viwili vinakunywa maji ya mto mmoja. Mto wenyewe ni Sagana, ambao Wagikuyu huuita Thagana, na ambao ukishateremka nyikani huitwa Tana. Kituo cha kwanza kiko Kiganjo, juu kwenye msitu wa Mlima Kenya, ambapo maji yanatoka moja kwa moja barafuni na mabondeni. Cha pili kiko mji wa Sagana wenyewe, chini, kwenye mwinuko wa mita 1,230 hivi, ambapo mto umeshaota jua. Anayetoka Kiganjo kwenda Sagana kwa matatu hutumia muda mfupi kuliko kikao cha harambee. Njiani anavua jaketi. Samaki wa kule hawezi kuishi huku, na wa huku akipelekwa kule hufa ganzi.

Nitasimama kidogo Kiganjo, kwa sababu ukamuaji wa trauti ni kazi ya kutazamwa kwa karibu. Jike aliyeiva hujulikana kwa tumbo: ni laini, na ukimgeuza, mayai huhama ndani yake kama maharagwe mfukoni. Mfanyakazi humshika kwa kitambaa kilicholowa, kichwa juu, na kwa kidole gumba na cha shahada humpapasa tumbo kuelekea mkiani. Mayai huteremka kama shanga za rangi ya chungwa na kutua kwenye beseni. Kisha dume hukamuliwa juu yake, tone jeupe kama maziwa, na vyote hukorogwa pole kwa unyoya. Beseni lazima liwe kavu. Hili lilijulikana katika miaka ya 1850 kupitia Mrusi mmoja, Vladimir Vrassky, na bado ndilo linalofuatwa: yai likigusa maji, kitundu chake cha kupokea mbegu hujifunga haraka, na mbegu yenyewe ikigusa maji huogelea kwa nguvu zake zote kwa muda usiofika dakika moja, basi. Maji yakiingia mapema, wawili hao hawakutani.

Baada ya hapo ni subira. Mayai hulazwa kwenye trei gizani, maji baridi yakipita juu yake usiku na mchana. Katika maji ya digrii 10 yai la trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Katikati ya mwezi huo yale yaliyokufa hugeuka meupe kama punje za wali, nayo hutolewa moja moja, kwa sababu yai moja lililokufa huota kuvu, na kuvu haina adabu, huvamia na majirani walio hai. Joto likipanda, siku hupungua, lakini likizidi sana vifaranga huzaliwa vilema au hawazaliwi. Kituo chote kimejengwa juu ya digrii hizo chache.

Jambo jingine ambalo Kiganjo ililazimika kulishughulikia ni kalenda. Ulaya trauti hujua wakati wa kutaga umefika kwa kuona siku zinafupika. Hapa ikweta inapita Nanyuki, pale kwenye kibao ambapo wageni hupigwa picha, na mchana ni saa kumi na mbili Januari hadi Desemba. Vernon van Someren, aliyewatafiti samaki hawa kwenye mito yetu, alichapisha mwaka 1952 kitabu kizima juu ya maisha ya trauti katika Koloni ya Kenya. Wazia samaki wa Scotland, ambaye damu yake inangoja majira ya baridi, akiamka kila siku kwenye siku ile ile.

Mwaka huo huo wa 1952, Februari, binti mfalme Elizabeth alikuwa mgeni wa Nyeri. Nyumba ya Sagana, kando ya mto wenye trauti, alikuwa amepewa na koloni kama zawadi ya harusi. Alilala hoteli ya Treetops usiku ambao baba yake alifariki Uingereza, na habari ya kwamba sasa yeye ni malkia alipewa na mumewe baada ya kurudi kwenye nyumba ile ya mtoni. Oktoba hali ya hatari ikatangazwa, na misitu ambamo mito ya trauti hupita ikawa uwanja wa vita. Treetops iliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954. Kule chini, maji ya mto Thiba, ambayo juu msituni ni ya trauti, yalichimbiwa mifereji ya mpunga huko Mwea kwa mikono ya wafungwa wa vita hivyo. Uhuru ulipofika, nyumba ya Sagana ilirudishwa kwa taifa, na hadi leo ni ikulu ndogo. Kwa mwenye kupenda sadfa: mwaka 2010 mjukuu wa malkia huyo, William, alimchumbia Kate kwenye Ziwa Rutundu, juu kwenye Mlima Kenya huu huu, ziwa ambalo nalo linajulikana kwa trauti. Trauti hawakuiacha familia ile.

Basi tuteremke kwenye mji wa Sagana.

Huko chini samaki ni wengine kabisa. Majaribio ya kufuga tilapia mabwawani yalianza Kenya katika miaka ya 1920, na kituo cha Sagana kilikusudiwa kuyapa majaribio hayo mahali pa kudumu. Tilapia hahitaji beseni kavu wala unyoya. Dume husafisha duara kwenye tope, jike huja, hutaga, kisha huyazoa mayai yote kwa kinywa na kuondoka nayo. Ndani ya kinywa hicho huanguliwa, na vifaranga hukaa humo mpaka waweze kuogelea; hata wakishatoka, hatari ikitokea hurudi mbio kinywani kama watoto wanaokimbilia chini ya kitenge cha mama. Haya yote anayafanya maji yakiwa na joto. Chini ya digrii 20 hivi hamu ya kuzaa humtoka, na chini ya 16 hata kula hukoma.

Kasoro ya tilapia ni baraka zake. Huzaa akiwa na miezi michache tu, kabla hajajaza kiganja cha mkono. Mkulima huchimba bwawa, hutia vifaranga elfu moja, hulisha kwa matumaini, na akikausha hukuta samaki maelfu, kila mmoja wa ukubwa wa kidole. Wataalamu wa Sagana wamehangaika na hilo kwa miongo. Dawa moja ni kutenga madume, ambao hukua haraka kuliko majike. Nyingine ni kuwatia kambare bwawani wapunguze watoto, jambo ambalo kambare hulifanya bila kuombwa mara mbili.

Na kambare mwenyewe ana habari yake. Akiwa amefungiwa bwawani hatagi ovyo. Husubiri mafuriko ya mvua yanayomfungulia nyasi za pembeni. Kituoni mafuriko hayo huigizwa kwa sindano ya homoni mgongoni. Saa kumi au zaidi baadaye jike hukamuliwa kama trauti, mayai ya kijani kibichi yakimwagika beseni. Dume hana bahati hiyo: mbegu zake hazikamuliki, kwa hiyo hupasuliwa. Kisha mayai hutandazwa kwenye maji ya joto la digrii 26 au 27, na kesho yake, saa kama hizo hizo, vifaranga wamekwisha kutoka, wakitetemeka chini kama nyuzi nyeusi.

Hapo ndipo mto unaponishangaza. Juu Kiganjo yai hungoja mwezi mzima. Chini Sagana, kwenye maji yaliyotoka mlima huo huo, yai la kambare hungoja siku moja na kidogo.

Vituo vilikuwapo, walaji ndio walikuwa hawajapatikana. Katika miaka ya 1960 idara ya uvuvi ilifanya kampeni ya kuwahimiza Wakenya kula samaki zaidi, na vidimbwi vikachimbwa kwa wingi Magharibi na Mkoa wa Kati. Vingi vilikuwa vidogo, maji yakivuja, na shauku ikavuja nayo. Sagana yenyewe ilipata uhai mpya kuanzia 1997, wakati watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani na Chuo Kikuu cha Moi walipoyafanya mabwawa yake kuwa maabara ya mbolea na lishe. Tunda moja la kazi hiyo ni mwongozo wa ufugaji samaki nchini Kenya uliotoka 2007, ulioandikwa na Charles Ngugi, James Bowman na Bethuel Omolo. Nimeuona umechakaa kurasa kwenye meza za maafisa wa nyanjani, na kitabu cha mtaalamu kikichakaa hivyo ujue kinasomwa.

Kisha ikaja 2009. Serikali, ikitafuta njia ya kuuamsha uchumi, iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa la mita za mraba 300, lenye vifaranga elfu moja. Vijana walilipwa kuchimba. Kote Tetu, Othaya na Mukurweini mashimo yalifunguka kati ya chai na migomba, mengine yakitandikwa karatasi nyeusi ya plastiki. Wamagana huko Tetu kulijengwa kiwanda cha kusindika samaki, kimoja kati ya vinne nchini. Samaki wa kufugwa Kenya nzima, ambao mwaka 2009 walikuwa chini ya tani 5,000, walifika karibu tani 24,000 mwaka 2014. Miaka miwili baadaye walikuwa wameshuka hadi karibu 15,000.

Sababu za kushuka zilitajwa nyingi: chakula ghali, soko, vifaranga hafifu, ruzuku kwisha. Zote ni za kweli. Mimi naongeza ile ninayoiona kutoka dirishani kwangu kila Julai. Bwawa lile lile, karatasi ile ile, vifaranga wale wale elfu moja vilipelekwa Mwea na vikapelekwa pia kwenye miteremko inayopakana na msitu wa Nyandarua. Mwea tilapia alikua. Juu alikaa mwaka mzima akiwa saizi ya sabuni ya kipande. Mkulima wa Tetu aliyeambiwa miezi minane atavuna, akavuna mwaka na nusu baadaye samaki wasiojaza sahani, hakuhitaji semina kuelewa. Waliokuwa karibu na vijito vya baridi wangefaa kupewa trauti, kama wanavyofanya wenye mashamba karibu na Nanyuki, ambako kwenye mto Burguret kuna hata mkahawa uliojengwa juu ya mti wa mkuyu na trauti wakiogelea chini ya meza za wateja. Lakini trauti hutaka maji yanayokimbia na chakula cha bei. Mabwawa mengi ya juu leo ni ya vyura, na watoto huyapenda zaidi hivyo.

Kuna tawi la tatu la historia hii ambalo halina ripoti wala bajeti, nalo ni la samaki wa kutazamwa. Tangi la nyumbani kama tulijualo lina umri usiofika karne mbili. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wenzake jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu, mmea wa majini na konokono kwenye chombo kimoja, vikaishi bila maji kubadilishwa: mmea ukitoa hewa, konokono akila mabaki, samaki akilisha mmea kwa kinyesi. Karne na nusu baadaye, 1999, Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu kilichorudisha wazo hilo mezani: weka udongo wa kawaida chini, kokoto juu yake, panda mimea kwa wingi, kisha punguza mashine. Hii ndiyo njia niliyoifuata, kwa kuwa udongo mwekundu wa Nyeri, uliojaa chuma, hauna bei. Mara ya kwanza niliweka kokoto nyembamba mno, samaki wakachimba, na sebule yangu ikawa na lita 120 za chai ya maziwa. Haraka ya kutia samaki kabla bakteria wa kusafisha amonia hawajaota nayo iligharimu samaki watano. Kosa hilo ni langu peke yangu.

Afrika Mashariki ni chimbuko la samaki wengi wa matangi duniani, jambo ambalo wenyeji tunalijua kwa kuchelewa. Pwani yetu ina samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wanakufa wote, na mayai yao hubaki kwenye tope gumu yakingoja mvua ijayo. Mmoja wao, wa Zanzibar, alielezwa kisayansi 1893 na Mjerumani Pfeffer, naye huitwa Nothobranchius guentheri. Wafugaji wa Ulaya waligundua kwamba mayai hayo yakiwekwa kwenye mboji yenye unyevu kidogo hutumwa kwa posta, ndani ya bahasha, kama barua. Ninapenda kuwaza bahasha hizo zikipishana na masanduku ya Grogan: yai la Scotland likija huku ndani ya majani mabichi, yai la Zanzibar likienda huko ndani ya mboji.

Bujumbura nako, Mbelgiji Pierre Brichard alifanya biashara ya kuwauza nje samaki wa Ziwa Tanganyika tangu miaka ya 1970. Na wa kwangu, Labidochromis caeruleus, alipewa jina hilo na Geoffrey Fryer mwaka 1956 akiwa katika Ziwa Nyasa. Jina linasema buluu, na wa njano akaja kupendwa baadaye. Leo anazalishwa Asia na Ulaya kwa mamilioni. Wa kwangu nilimnunua Nairobi, na muuzaji aliniambia kwa fahari kwamba ametoka nje. Samaki ambaye kwao ni safari ya basi alifika Nyeri kwa ndege.

Kituo cha Sagana nacho hakikuwasahau watazamaji: pamoja na tilapia na kambare hufugwa pia samaki wa dhahabu na koi. Kwa mtu wa Nyeri ushauri wangu ni aanze na hao. Samaki wa dhahabu ni ndugu wa kapu, alifugwa China karne nyingi, na baridi ya gathano kwake ni hali ya hewa tu. Hutaga asubuhi, madume wakimsukuma jike kwenye mizizi na majani, mayai yakinata kama ushanga wa gundi. Yaondoe upesi, maana wazazi hugeuka na kuyala. Watoto huzaliwa na rangi ya shaba iliyofifia, na watu wengi huwatupa wakidhani wamedanganywa. Subiri miezi kadhaa. Dhahabu huja yenyewe.

Mimi sikufuata ushauri huo. Nilitaka wa njano, na wa njano wanataka joto pamoja na maji magumu yenye chokaa. Maji ya mlima huu hupita kwenye mawe ya volkano na kufika bombani yakiwa laini, sabuni ikitoa povu kwa kuiangalia tu. Dawa nilipata kwenye duka la agroveti: makombe yaliyosagwa, yale wanayopewa kuku wa mayai ili maganda yawe magumu. Kilo moja kwenye mfuko wa wavu nyuma ya mawe, na baada ya wiki mbili madume walianza kukunjua mapezi na kufukuzana.

Usiku ule wa Julai umeme ulirudi saa moja asubuhi. Kipimajoto kilikuwa 19. Jike wangu alikuwa amejibanza chini ya jiwe, kidevu kimemtoka kama mtu aliyetia pipi mdomoni, bado hajatema. Huwa hali kitu siku zote hizo; huyageuza mayai tu, akitafuna hewa. Siku ya ishirini na sita nilihesabu vifaranga kumi na wanne kati ya mawe, kila mmoja na njano yake tayari.

Jirani yangu mmoja ana umri wa miaka zaidi ya themanini. Ni shosho wa mtaa mzima, na hajapata kuonja samaki maishani mwake. Huja jioni kuazima kitu, kisha husimama mbele ya tangi mpaka alichokuja kuazima kimsahau.

"Huyu mama hajala tangu lini?" aliniuliza wiki ile.

"Karibu mwezi, shosho."

"Na hawa watoto wakikua utawala?"

"Hapana. Hawa ni wa kutazama tu."

Alifikiri kidogo. "Basi hawa tutaelewana nao," akasema, akavuta kiti karibu na kioo.